Kivuli Juu ya Jiwe la Kwanza

Mtu aliyeleta kazi ile hakuketi, na hilo ndilo jambo la kwanza nililolitilia shaka. Wateja wa kibanda chetu huketi hata kama wamekuja kutoa kopi ya ukurasa mmoja, kwa sababu tuna feni, na feni katika joto la mji wa Likasi ni sababu tosha ya kuketi. Yeye alisimama mlangoni, akanyoosha simu yake, akanionyesha picha yenye ukungu ya chombo kama bastola: mpini, kifyatulio, mdomo mfupi, na kioo kidogo upande wa nyuma.

"Mademoiselle, unajua hii?"

Niliijua. Hapa kwetu kila mtu anaijua, hata asiyewahi kuishika. Ni mashine ya kupimia mawe kwenye depo za madini. Mnunuzi anaielekeza kwenye jiwe, anafyatua, anangoja kidogo, kisha kioo kinatoa namba. Namba hiyo wachimbaji wanaiita tenere, yaani asilimia ya madini iliyomo ndani ya jiwe. Mtu anaweza kukaa msimu mzima chini ya ardhi, lakini thamani ya msimu huo inasemwa na kioo kisichozidi kiganja, na anayekishika ndiye anayenunua. Tangu utotoni nimejiuliza kwa nini watu wazima wanaukubali utaratibu wa namna hiyo.

"Nataka unichorele yake ya affiche," alisema. "Tutabandika ku ukuta ya depo. Lakini ikuwe kama ya kweli. Ipite hata ya kweli."

"Kama muko na mashine, juu ya nini hamuipige foto?"

Alitabasamu kama mtu aliyelitegemea swali. "Ya kwetu imezeeka, mpini imefungwa na scotch. Patron anataka bantu baone kintu ya mupya."

Jibu lilikuwa zuri. Mimi majibu mazuri hunitia wasiwasi kuliko mabaya. Mama hupenda kuwasimulia wageni kwamba nilipokuwa katekesi nilimuuliza padri ni nani aliyewahesabu wale watu elfu tano waliokula mikate, na kama wanawake hawakuhesabiwa, basi walikula nini. Nilisoma fizikia Lubumbashi, nikarudi na diploma pamoja na kompyuta ya mkononi. Diploma imetundikwa chumbani kwa mama, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Kompyuta ndiyo inayonilisha. Nikaipokea kazi.

Kukichora chombo kionekane cha kweli ni kazi ya kudanganya kwa utaratibu. Programu ya picha inakuwezesha kupanga calque moja juu ya nyingine, kama karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, na kila calque inabeba kipande chake cha uongo. Nilianza na mwili: mstatili wenye kona za mviringo, manjano iliyofifia kuelekea chini. Nikaweka mpira mweusi kwenye mpini, nikaunyunyizia chembechembe ili using'ae kama bakuli la plastiki la sokoni. Nikachora skrubu, na kila skrubu nikaigeuza kidogo isilingane na mwenzake, kwa sababu hakuna fundi anayekaza skrubu zote zielekee upande mmoja. Kisha nikakwaruza. Mteja alitaka kitu kipya, lakini kitu kisicho na mkwaruzo hata mmoja jicho halikiamini.

Kioo kilinichukua muda mrefu kuliko vyote. Kwa kuwa chombo nilikilaza kimshazari, kioo nacho kilibidi kiiname, na mng'ao juu yake uiname pamoja nacho. Mwanga nao lazima utoke upande mmoja. Ukiwa na taa mbili kichwani mwako bila kujua, mtazamaji hatakuambia kosa liko wapi, atasema tu, "Hapa kuna kintu."

Ilibaki kivuli, na kabla ya kivuli kilihitajika kitu cha kukipokea. Mteja alitaka mdomo wa mashine uguse jiwe. Jiwe zuri, alisisitiza, jeusi, la kumfanya mchimbaji asimame. Nami jiwe la namna hiyo nililijua. Lilikuwa juu ya kabati la mama.

Lilikuwa jiwe la yaya, kaka yangu mkubwa. Yaya ni mchimbaji, anachimba na wenzake upande wa Kamatanda. Timu yao ina desturi: jiwe la kwanza kutoka kwenye mshipa mpya haliuzwi. Linapelekwa nyumbani kwa mkubwa wa timu, naye ndiye yaya, na kukaa humo mpaka gunia la mwisho la mshipa ule liuzwe, ndipo livunjwe kwa nyundo. Likitoka nyumbani kabla ya hapo, wanasema, mshipa unaondoka nalo. La safari hii lilikuwa jeusi kama makaa, na mstari wa kijani ulilikata katikati, na pembeni lilikuwa na doa la waridi kama ufizi wa mtoto.

Nyumbani jiwe lile halikuwa jiwe tu. Msimu wa mvua uliopita shimo la jirani yao lilititia likiwa na watu ndani. Mama alimshika yaya mkono, akamwekea rozari kiganjani, akamwapisha: mshipa huu uwe wa mwisho. Loti yake, yaani magunia yote ya mshipa huo, ikiwa nzuri, atanunua pikipiki ya kubeba watu na hatashuka tena. Ikiwa mbaya, hana jingine ila kurudi shimoni, na mvua zilikuwa zinakaribia, udongo unapokuwa mzito na kuta hazishiki. Hatukulizungumza jambo hili mezani. Lilikaa juu ya kabati, tukilipangusa vumbi.

"Jiwe hile haitoke," mama alisema aliponiona nalo.

"Haitoke, mama. Napiga foto tu."

"Foto nayo ni kutoka."

Nililiweka juu ya kitambaa chake cheupe cha meza, karibu na dirisha, nikapiga picha, nikalirudisha. Kisha kwenye kompyuta nikakitoa kitambaa, nikaweka kijivu cha vumbi la machimbo ya Kakontwe, nikaishusha mashine mpaka mdomo wake ukagusa mstari wa kijani. Nikachora vivuli viwili, kimoja chembamba na cheusi kabisa pale vitu vinapogusana, kingine kipana na chepesi kinachosambaa juu ya jiwe. Ukikisahau kile chembamba, chombo kinaelea hewani. Sikukisahau. Nilipomaliza niliangalia, nikashikwa na hamu ya kukifyatua.

Mteja alipokuja kuona, alipiga mluzi. Safari hii aliketi.

"Sasa ku kioo," alisema, "utaandika un virgule deux."

Moja nukta mbili. Kwa jiwe kama lile, hata mama angecheka.

"Juu ya nini kidogo vile?"

"Ni mufano tu."

"Kama ni mufano tu, naweza kuweka nane?" Nikaandika nane mbele yake, kusudi nione uso wake.

Alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla, kama bomba lililofungwa. "Hapana. Tukiweka nane, kila muntu atakuya na jiwe yake kusema iko nane. Batasema tunabadanganya. Weka ya kidogo, tukuwe bakweli."

Tena jibu zuri. Alipoondoka niliendelea kuitazama picha. Anayetangaza mkate haweki picha ya mkate ulioungua. Halafu nikawaza kuhusu wanaume wanaoketi juu ya magunia yao mbele ya ukuta ule, asubuhi nzima, wakingoja zamu, macho yao hayana pa kwenda ila kwenye bango. Jiwe jeusi zuri, namba ndogo. Jiwe jeusi zuri, namba ndogo. Mpaka zamu yao ifike, jicho limeshazoea. Kioo cha kweli kikitoa moja nukta mbili, hakuna atakayeruka. Labda hivyo ndivyo walivyotaka. Labda pia nilikuwa nimekaa mno peke yangu na mashine ya kutengenezea uongo, nikawa namwona kila mtu ni fundi mwenzangu. Sikuwa na ushahidi wowote.

Nilichokuwa nacho ni kioo. Nikafuta namba, nikakizima: cheusi, na mng'ao wa dirisha ukipita juu yake. Nikazigandisha calque zote ziwe picha moja isiyofunguka, nikamwekea kwenye flashi yake. Nilimwambia kwamba namba inaua mng'ao, na bila mng'ao picha nzima inaonekana ya bandia. Hilo lilikuwa kweli, kwa sehemu.

"Bon. Tutaona," alisema, akaondoka.

Sikusikia tena habari ya picha ile mpaka mchana mmoja yaya aliporudi mapema kuliko kawaida. Loti yao ilikuwa tayari, imeoshwa na kukaushwa, na siku hiyo alikuwa ameenda kuuliza kwenye depo. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mimi nilikuwa nyumbani na kompyuta inayokula chaji yake ya mwisho. Aliingia bila kuvua viatu. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akalichukua jiwe, akaligeuza, akatafuta lile doa la waridi. Akaliona. Akaketi.

"Mudogo wangu. Ulipeleka lini jiwe yetu ku depo?"

"Sijaipeleka."

"Iko ku ukuta. Kubwa kama mulango. Mashini imeikamata, kioo inasema un virgule deux." Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Kama jiwe ya kwanza iko vile, ile iko mu magunia ni udongo tu. Bantu ya timu bameona. Benye kusema tuuze vile vile, benye kusema turudie chini tutafute mushipa ingine mbele ya mvua. Miye nitabaambia nini?"

Mama alikuwa mlangoni akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ulisimama.

"Yaya, haikupimwa. Nilichora mashine, nikaweka juu ya foto. Na namba sikuandika."

"Usinifanye mutoto. Kivuli ya mashini iko juu ya jiwe. Niliona. Kintu haiko pale, kivuli itatoka wapi?"

Aliamini kwa sababu ya kile kivuli chembamba, kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote. Nikafungua kompyuta, nikaita faili yangu, ile yenye calque zake zote. Kona ya chini alama ya betri ilikuwa nyekundu.

"Angalia."

Nikabonyeza, mng'ao wa kioo ukatoka. Nikabonyeza, skrubu zikaondoka, mpini ukavuliwa mpira wake. Nikabonyeza, mashine yote ikatoweka, na juu ya jiwe kikabaki kivuli, kivuli cha kitu kisichokuwepo, kimelala kimya kwenye mstari wa kijani. Yaya alisogeza uso wake karibu na skrini. Nikabonyeza tena. Kivuli kikaondoka. Likabaki jiwe, na chini yake kitambaa cha mama chenye maua yaliyodariziwa pembeni.

"Nappe yangu!" mama alisema nyuma yetu.

"Rudisha," yaya alisema. Nikarudisha. "Ondoa." Nikaondoa. Alinifanyisha vile mara nyingi, kivuli kinakuja, kivuli kinakwenda, mpaka akacheka cheko moja fupi, lisilo na furaha.

"Na ile namba?"

"Tafuta. Hakuna."

Alitafuta kweli, kidole chake chenye udongo kikipita juu ya orodha ya calque. Kisha skrini ikazima. Chaji ilikuwa imekwisha. Alilichukua jiwe, akalifunga ndani ya shati lake la kazi.

"Haitoke," mama alisema, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa.

"Ilishatoka, mama. Sasa njo naenda kuirudisha."

Tulikwenda pamoja. Wanawake hawakaribii shimo, wachimbaji wanasema madini hukimbia, lakini depo si shimo, na siku ile sikutaka kuambiwa mtu mwingine aliona nini. Nilitaka kuona mwenyewe.

Bango lilikuwa kubwa kweli. Kazi yangu ilikuwa imechapwa vizuri, hata mikwaruzo ilionekana. Katikati ya kioo changu kilichoinama, mtu alikuwa amebandika 1,2 ya kijani, imesimama wima kama askari wa gwaride, haina mng'ao, haina mwinamo. Ilielea. Chini yake wanaume wa timu ya yaya na wengine wa timu zingine walikuwa wameketi juu ya magunia.

Yaya alifungua shati. Mmoja wao akaruka. "Eeh! Jiwe ya affiche inakuya na miguu yake!"

"Ni pacha yake," mwingine akasema.

"Pacha gani? Ona doa. Ni yeye mwenyewe."

Mteja wangu alitoka ndani akiwa na mashine mkononi, mpini wake umefungwa scotch kama alivyosema. Kumbe katika hilo hakudanganya. Alinitambua kwanza mimi. "Ah, mademoiselle! Kazi muzuri, patron alifurahi sana."

"Kama patron alifurahi, mutupimie hii," yaya alisema, akaliweka jiwe kwenye meza ya mizani, chini ya picha yake lenyewe.

"Hiyo ni jiwe moja tu. Tunapimaka loti, hatupime jiwe moja."

"Hata ile ya ukuta ni jiwe moja. Na mulishaka ipima. Pima tena, tuone kama namba yake haikubadirika."

Watu walikuwa wamesimama. Mtu wa depo alitazama jiwe, akatazama ukuta, na nikaona wazi kwamba mpaka dakika ile hakujua kuwa jiwe lile lina mwenyewe. Kwake lilikuwa jiwe la kompyuta. Aliinua mashine, akaielekeza, akafyatua. Kioo kilibaki cheusi. Akafyatua tena.

"Batterie imekufa," alisema. "Courant hakuna tangu asubuhi."

"Na ya ukuta," sauti ikatoka nyuma, "batterie yake haikufake?"

Kicheko kilipasuka, na katika kicheko kile yaya alipanda juu ya gunia, akaweka kidole kwenye bango. Aliwaonyesha namba iliyosimama na kioo kilicholala. Hakutumia neno hata moja la kwangu. "Muone. Kioo imelala, namba imesimama. Nani analala na kofia yake inabakia wima? Hii mashini dada yangu aliichora. Haikupima kintu. Namba banaileta kisha."

Mtu wa depo aliniinamia. "Mademoiselle, tulikulipa."

"Mulinilipa mashine na kivuli," nilimjibu. "Namba haikuwa yangu."

Nyuma ya ukuta jenereta ilikuwa ikinguruma. Inawezekana ilikuwa ya jirani. Inawezekana pia betri ilikuwa imekufa kweli. Yangu mwenyewe ilikuwa imekufa muda mfupi uliopita, na kwa sababu ile ile. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba timu ya yaya ilipakia magunia yake kwenye baiskeli na kuyasukuma kurudi, na baadhi ya wengine wakawafuata.

Kesho yake tuliyapeleka kwenye depo nyingine, upande wa pili wa mji. Sikuwa na sababu ya kuiamini hiyo nayo. Kabla hawajapima chochote, niliokota kipande cha tofali, nikakiweka mezani.

"Mupime kwanza hii."

Mwenye depo aliwageukia wanaume. "Huyu ni mukaguzi ao nani?"

"Ni université," yaya alisema. "Umuvumilie tu. Hata padri alimuvumiliaka."

Tofali lilitoa karibu na sifuri. Nikaomba lipimwe jiwe. Trois virgule quatre. Tatu nukta nne. Nikaomba tena, ikatoka ile ile. Yaya alinitazama kama anayeuliza kama sasa anaruhusiwa kufurahi, nami nikainua mabega. Loti yenyewe ilitoa namba ndogo kuliko ya jiwe, kama kawaida, maana jiwe la kwanza huchaguliwa kwa sura. Haikuwa namba aliyokuwa akiiota. Ilitosha pikipiki moja ya watu wawili, yeye na mwenzake mmoja wa timu, leo huyu kesho yule. Mwenzake huyo naye alikuwa na mama.

Gunia la mwisho lilipokwisha kuuzwa na pikipiki kununuliwa, yaya alileta nyundo nyuma ya jiko. Jiwe lilipasuka kwa pigo la pili. Tuliinama wote. Ndani, weusi ule haukufika mbali. Chini ya ngozi yake lilikuwa la kahawia, kama udongo wa njia. Mashine zile, jinsi ninavyozifahamu, huona ngozi ya jiwe tu.

"Ulijua?" yaya aliniuliza.

"Nilishuku."

"Weye unashukuaka byote." Akaacha nyundo pale pale, akachukua ufunguo wa pikipiki, kwa sababu ilikuwa siku yake na kulikuwa na mtu anayemngoja barabarani.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ile ile, mchana, kubwa, ikapiga bati mpaka tukasikiana kwa shida. Mama aliacha mchi, akaenda mlangoni, akasimama akiitazama ikichimba mifereji uani, ikikusanya vipande vyeusi vya jiwe pamoja na majani ya sombe. Mwaka uliopita alisimama pale mpaka yaya aliporudi. Safari hii alisimama kidogo, akasema yaya ataloa, akarudi kutwanga.